Shimo Halisemi

Pale kiwanjani kwenye mbao neno lilikuwa moja tu, fuko, lakini lilibebeshwa mizigo kuliko punda.

Asili yake ni yule mnyama mdogo anayechimba chini ya mashamba, asiyejua kumekucha wala kumekuchwa. Wapasuaji walimpa jina hilo mtu anayesimama ndani ya shimo, chini ya gogo, akiuvuta msumeno mrefu kwenda chini, huku mwenzake amesimama juu ya gogo akiuinua na kuuongoza. Hapo ndipo neno lilipoanzia. Lakini neno likishaonja ndimi za watu halikai nyumbani. Aliyefungwa kwenye drafti wakati wa mapumziko alikuwa fuko. Timu ya mtaani iliyokwenda uwanjani kuongeza idadi tu ilikuwa timu ya mafuko. Mume asiyechelewa kurudi mpaka apewe ruhusa na mkewe, fuko. Kikombe kilichovunjika mkono, ambacho kila mtu alikikwepa mpaka kikamwangukia aliyechelewa chai, kiliitwa kikombe cha fuko. Mtu akionewa alisema, "Leo mmenifanya fuko." Na akishinda ambaye hakuna aliyemtarajia, walisema, "Fuko katoa kichwa," wakacheka, kesho yake wakasahau.

Binti alilizoea neno hilo kwa maana zake zote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa fuko wa asili, fuko wa shimoni. Juu ya gogo alisimama baba yake.

Hakuianza yeye kazi hiyo. Wa kwanza kuvuta chini alikuwa kaka yake, na enzi hizo nyumba yao ilikuwa na maneno. Baba na kaka walirudi jioni wakibishana tangu mlangoni, wakimwita mama aje aamue nani mwongo. Kisha mama akatangulia mbele ya haki. Kisha kaka akapata kazi mji mwingine, kazi ya kuvaa viatu vya kung'aa, akaaga asubuhi kama mtu anayekwenda dukani. Baba akajaribu vibarua wa kuokota. Mmoja alilalamikia mgongo, mwingine macho, wa tatu alipanda kutoka shimoni kwenda kunywa maji na mpaka leo anakunywa.

Ikafika asubuhi ambayo gogo limeshalazwa na mtu wa chini hakuna. Binti alikuwa amemletea baba yake chai. Aliiweka chupa kando, akajifunga kitambaa kichwani na kingine puani, akashuka ngazi. Baba akainama kutazama shimoni. Akasema, "Kamata mpini."

Kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao makubwa.

Shimo lilitosha gogo zima kwa urefu, na kina chake kilikuwa kimo cha mtu na zaidi kidogo. Kuta zake za udongo zilikuwa baridi hata jua likiwa kali. Ukiwa mle ndani dunia ilikuwa nyembamba: tumbo la gogo juu ya kichwa chako, kipande cha anga ubavuni, vidole vya miguu ya baba vikichungulia ukingoni, na meno ya msumeno yakishuka na kupanda mbele ya uso wako kama mtu anayeitikia jambo lile lile kutwa nzima. Unga wa mbao ulimwagika bila kukoma. Uliingia shingoni, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya viwiko. Akirudi nyumbani akivua kitambaa, sehemu pekee yenye rangi ya mtu ilikuwa pua.

Kila baada ya kitambo baba aliusimamisha msumeno, akaufagia kwa wayo unga uliolala mgongoni mwa gogo. Daima aliufagilia upande wa kulia, ambako gogo lilikaribiana na ukingo wa shimo. Binti alidhani ni mazoea tu ya mtu anayetaka kuuona vizuri mstari wake.

Sheria ya kwanza ya kazi ile ni kwamba shimo halisemi. Ukifungua mdomo unameza mbao. Hilo kila mtu analiona. Lakini iko sababu nyingine, ambayo wenye kazi yao huiogopa zaidi: sauti ikitoka ghafla chini ya miguu ya mtu aliye juu ya gogo humshtua, na anayeshtuka juu ya gogo hushuka bila ngazi. Kwa hiyo wa chini husema kwa nyundo ya mti. Akigonga gogo mara moja, simama. Akigonga mara mbili, tayari, twende. Maneno mengine yote hubaki naye.

Na baba alikuwa ameichukua sheria hiyo mpaka nyumbani. Walikula kila mtu akitazama sahani yake. Binti aliwahi kujaribu.

"Baba, gogo la leo lilikuwa gumu."

"Mm."

"Lakini lina harufu nzuri."

"Kula, chakula kinapoa."

Si kwamba baba hakuwa na maneno. Wakati wa mapumziko alikaa juu ya gogo na chai yake, akipiga soga na Domo, mwendesha mashine ya umeme, mtu ambaye jina lake lilimkaa kama kofia. Alisimulia vituko vya ujana wake, na alipocheka kilikuwa kile kicheko cha zamani, kinachoanzia tumboni. Binti alibaki shimoni kwa sababu kupanda na kushuka kulimchosha. Alikaa chini, mgongo ukutani, akatabasamu ndani ya kitambaa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Jicho," Domo alisema siku moja, maana hilo ndilo jina walilompa baba, kwa vile hakuna aliyewahi kuuona msumeno wake ukitoka nje ya mstari. "Jicho, fuko wako hafi huko chini? Mbona hata hakohoi?"

"Yupo," alisema baba.

"Mimi mke wangu angekaa kimya hivyo siku moja, ningeita daktari."

Wakacheka. Binti naye akacheka, ila kicheko chake hakikufika juu.

Ilianzia nyumbani, si kiwanjani. Jioni moja baba aliingia, akasimama mbele ya koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akaliambia kwa adabu, "Karibu, karibu, mbona umesimama?" Kisha akanyoosha mkono, akagusa kitambaa, akaurudisha mkono taratibu. Binti alikuwa jikoni na aliona yote. Kesho yake lile koti alilihamishia chumbani.

Baada ya hapo akaanza kuutazama mstari. Mstari hupigwa kwa uzi uliochovywa kwenye mkaa uliosagwa, mmoja juu ya gogo na mwingine tumboni. Wa juu ndio wa kuamua. Wa chini ni wa fuko kujionea tu, ajue wanakokwenda, kama abiria anavyotazama dirishani. Msumeno ulikuwa unaukimbia. Haukukimbia kwa ghafla. Ulijitenga pole pole upande wa kushoto, kama mtu anayeondoka kwenye mazungumzo asiyoyataka.

Mwanzoni binti aliuacha. Wa chini anavuta, haongozi. Lakini ubao wa kwanza ulipotoka umepinda, alimsikia Domo huko juu akisema kwa sauti ya kujifanya mpole, "Siku mbaya hiyo, mzee wangu, hata Jicho hukonyeza." Gogo lililofuata, msumeno ulipoanza kujitenga, binti aliulalia mpini kidogo upande wa kulia, kama unavyomsogeza mtoto aliyesinzia arudi kwenye mto wake. Msumeno ukarudi. Akauvuta, akaulalia, akauvuta. Mikono ilimwaka moto. Ubao ukatoka umenyooka kama neno la kweli.

"Jicho bado linaona!" walisema juu.

"Lione tena nini?" baba akajibu, na sauti yake ilikuwa na ile furaha ambayo nyumbani haikuvua viatu.

Ikawa hivyo. Mbao zikatoka sawa, baba akasifiwa, binti akasikia sifa zikipita juu ya kichwa chake. Hakutaka zimshukie. Alichokitaka ni kimoja, na mwenyewe alijua ni kitu cha kitoto: kazi ikimalizika baba ainame pale ukingoni, amuulize, "Umechoka?" Basi.

Halafu likaja lile gogo kubwa. Liliburutwa mpaka kiwanjani likiacha mtaro nyuma yake, na lilikuwa nene kiasi kwamba mashine ya Domo ilionekana mbele yake kama kisu cha nyanya. Tajiri, mwenye kiwanja, alilizunguka akilipigapiga kama ng'ombe.

"Hili linatoa meza ya ukumbi," alisema. "Ubao mmoja mzima, mnene, toka kichwa mpaka mkia. Wenyewe hawataki kiungo."

"Watapata," alisema baba.

"Mzee wangu, tusifichane." Tajiri alishusha sauti, lakini shimo husikia vyote. "Shimo hili linanilia nafasi. Nimeshaambiwa nilete mashine kubwa. Gogo hili likitoka sawa, shimo linabaki na wewe unabaki. Likiharibika sitakuwa na la kujitetea. Nitalifukia."

"Lini gogo limeniharibikia?"

"Sijasema limekuharibikia. Nimesema likiharibika."

Binti alisimama chini na mpini mkononi. Alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua: bila mkono wake, gogo lile lingeharibika, na baba angezikwa kabla ya kufa.

Basi wewe ona mambo ya dunia. Wiki ile ile kaka akarudi. Kazi ya viatu vya kung'aa ilikuwa imekwisha, ila viatu vilikuwepo bado. Alisimama mlangoni na begi lake, na baba, aliyemtambua kwa kikohozi kabla ya sura, aliinuka akamkumbatia mpaka begi likaanguka.

"Mtu wangu wa chini amerudi!" alisema. "Amerudi!"

Usiku ule maneno yalirudi nyumbani kwao, yote, na ndugu zake. Baba alisimulia, kaka alibisha, sufuria zikacheka. Binti aliwapakulia. Alipoinama kumwekea baba mboga, baba alimshika mkono.

"Wewe mwanangu pumzika sasa," alisema kwa upole. "Umebeba kazi isiyo yako, na umebeba vizuri. Gogo hili nitapasua na kaka yako."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizompa tangu siku ya kushika mpini. Binti akaitikia, "Haya, Baba," akarudi jikoni, akasimama mbele ya moto bila kukumbuka alichofuata.

Kaka alimkuta huko akiosha vyombo.

"Mbona umenuna? Mtu anatolewa shimoni, ananuna?"

"Sijanuna. Kaka, nikuambie kitu. Kesho usivute tu. Utazame mstari wa chini."

"Wa kazi gani? Mstari ni wa juu."

"Ukiona unakimbilia kushoto, ulalie mpini kulia. Kidogo tu, usilazimishe."

Kaka akacheka, akachukua kipande cha chakula kilichobaki kwenye sufuria. "Dada, mpini ule nimeuvuta wewe ukicheza na wanasesere. Fuko havuti kwa akili, anavuta kwa mgongo. Akili ziko juu."

"Mambo yamebadilika."

"Yapi?"

Nyuma ya pazia baba alikohoa. Nyumba ilikuwa ndogo. Hata mtu akiota, wenzake waliisikia ndoto. Binti alitazama pazia, akatazama uso wa kaka yake uliokuwa ukisubiri. Kulitamka lile neno pale, baba akisikia, ilikuwa sawa na kumvua jina lake hadharani. Na kaka hakuwa mtu wa kunong'onezwa, angepayuka, "Haoni?"

"Basi tu," alisema. "Ulalie kulia."

"Haya, fundi mkuu," kaka akasema, akamfinya shavu kwa mkono wenye mafuta.

Asubuhi kiwanja kizima kilikuja kutazama. Domo alizima mashine. Tajiri alitoka ofisini na kiti chake. Binti alileta chai, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke, alikaa kwenye rundo la mbao upande wa mwisho wa gogo.

Hakuwahi kumtazama baba yake akifanya kazi. Miezi yote ile alimjua kwa vidole na visigino tu. Sasa alimwona mzima, amesimama juu ya gogo bila shati, mgongo umeanza kupinda. Akaona na jambo jingine. Kabla ya kuanza, baba alipiga magoti akaupitia mstari wa mkaa na msumari, akaukwaruza toka mwanzo mpaka mwisho, kama anayehakikisha. Na alipoanza kupasua, kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilitangulia mbele ya msumeno, kikipapasa ule mkwaruzo.

Kumbe alijua. Alikuwa anaufuata mstari kwa kidole.

Huko chini binti alikuwa akimficha baba. Huku juu baba alikuwa akimficha yeye. Na katikati yao gogo.

"Simba karudi!" Domo alipiga kelele. "Sikilizeni shimo linavyonguruma!"

Kaka alivuta kama mtu anayemtoa mbuzi kwenye shamba la watu. Msumeno ulishuka kwa kishindo, unga ukaruka, watu wakashangilia. Lakini mti ule ulikuwa na nyuzi ngumu na hauendi kwa kelele. Kidole cha baba kilipapasa, kikapoteza, kikapapasa tena. Binti aliona mpasuko ukiuacha mstari. Upana wa ukucha. Baada ya kitambo, upana wa kidole. Waliokaa ubavuni hawakuweza kuona. Tajiri alikuwa anakunywa chai.

Angeweza kupiga kelele. Maneno mawili tu: mnatoka nje. Aliinuka, akafungua mdomo, akamwona baba, jasho likimtiririka, ametabasamu kwa mngurumo wa mwanawe. Akakaa.

Wakafika kwenye boriti, ule mti mnene unaokatiza shimo na kulibeba gogo. Hapo hakuna ujanja: msumeno husimama, wa chini huuvua mpini wake, wa juu huuvuta msumeno wote nje, boriti huhamishiwa nyuma kwa mitaimbo, ndipo kazi huendelea. Kaka aligonga mara moja. Akapanda kutoka shimoni mweupe kama aliyeanguka kwenye pipa la unga, macho mekundu, akikohoa.

"Nipeni maji! Nimemeza meza nzima!"

Watu wakacheka wakamzunguka. Boriti ikahamishwa. Kaka akainamia ndoo kuosha macho, Domo akimpigapiga mgongo, na hakuna aliyemtazama binti. Mtu asiyetazamwa ana njia nyingi. Alikifungua kitambaa cha kichwani, akakifunga puani, akashuka ngazi.

Shimo lilikuwa na baridi ile ile. Juu, baba akaushusha msumeno kwenye mpasuko, ncha yake ikatokeza. Binti akauvika mpini, akaukaza kwa kabari, akaokota nyundo. Akagonga mara mbili.

Ugongaji wa kaka yake ulikuwa wa kuvunja mlango. Wa kwake ulikuwa wa kubisha hodi. Hapo juu vidole vya baba vilijikunja.

Msumeno haukwenda.

"Baba, ngoja!" kaka alipiga kelele kutoka kwenye ndoo. "Sijashuka!"

Binti alishika mpini kwa mikono miwili na kuangalia vile vidole vya miguu. Kama baba angesema "toka," angetoka, na mambo yangekuwa yamekwisha.

"Mtu wangu wa chini yupo," alisema baba. Hakuisema kwa nguvu, na hakumwambia mtu fulani. "Haya."

Msumeno ukapanda. Binti akauvuta, akaulalia kulia. Hakuulalia sana, maana ukilazimisha, ubao unavimba hapo hapo. Alivuta kwa mgongo na kwa kitu kingine ambacho hakikuwa na jina. Upana wa kidole ukawa upana wa ukucha. Upana wa ukucha ukawa hakuna. Kutoka hapo mpaka mkiani meno yalikula mkaa wenyewe, na sehemu ya kwanza ya gogo ikaachana na ya pili kwa mlio mdogo, kama mtu anayepumua.

Tajiri akaja na kuupitisha mkono kwenye uso wa mbao. Karibu na katikati akasimama.

"Hapa kuna tumbo."

"Meza imeshiba kabla ya wageni," alisema Domo, lakini waliocheka walikuwa wachache.

Tajiri alipapasa tena, akachuchumaa, akatazama kwa jicho moja. "Randa italimaliza hili," alisema mwishowe. "Lakini uso wa pili bado. Uso wa pili nautaka kama kioo. Nikiona tumbo jingine, shimo nalifukia kesho. Mmenisikia?"

Baba alikuwa amesikia. Alishuka kwenye gogo akiitafuta ngazi kwa mguu, na safari hii hakujificha. Aliitafuta waziwazi, kama watu wanavyotafuta ngazi gizani. Hakwenda kwenye chai. Alikuja ukingoni mwa shimo.

"Panda," alisema.

Binti akapanda, unga ukimdondoka. Walisimama uso kwa uso, na ilikuwa zamani sana tangu wasimame hivyo.

"Nenda juu."

"Baba?"

"Nimesema nenda juu. Chini hapahitaji macho."

Kila mtu aliisikia. Kaka alibaki na maji yakimchuruzika kidevuni. "Baba, kwa nini hukuniambia? Basi mimi nitapanda juu..."

"Wewe tia kabari," baba alimwambia, "na utazame."

Domo alikohoa. Ulimi wake haukuwahi kupishana na neno ukaliacha lipite. "Haya jamani, leo Jicho amekuwa—"

Akaishia hapo. Baba akamgeukia, akamkosa kidogo, akawa anaongea na bega lake.

"Fuko. Malizia. Hilo neno lingekuwa linaua, ningekuwa nimeshamzika binti yangu."

Kisha akanyoosha mkono. Binti hakuelewa anataka nini, mpaka baba akakunja vidole na kusema, "Kitambaa." Akampa. Baba akajifunga puani kile kile kilichojaa unga, akashuka ngazi. Kichwa chake kikazama. Pakawa hakuna mtu.

Juu ya gogo kulikuwa na upepo. Hilo hakulijua. Kulikuwa na mapaa ya mabati, nyaya za umeme, nguo za watu zimeanikwa, na watu wote wamekaa chini yake wakimtazama, na mtu mmoja aliyetaka kumwona ndiye ambaye hakuonekana. Alitazama miguuni: mti, mkaa, mpasuko mwembamba. Kati yake na baba palikuwa na unene wa gogo, na unene wa gogo haupitishi chochote, wala uso, wala pumzi. Alikuwa amedhani muda wote kwamba wa juu huona kila kitu na hukataa kusema. Wa juu aliona mstari tu.

Ikagongwa mara mbili.

Akauinua msumeno. Ulikuwa mzito kwa namna nyingine, ulitaka kukuchukua na kukuangusha. Baba akavuta. Binti aliuhisi mkono wake kupitia chuma, mkono wa kale, hauna papara, unavuta na kukuachia, unavuta na kukuachia. Macho ya binti yalibaki kwenye mkaa. Kaka alitia kabari nyuma yao, kimya, na mara moja moja aliuinamia mstari, akainua kichwa, akakitikisa kwa mshangao.

Unga ukaanza kujaa mgongoni mwa gogo, ukaufunika mstari. Binti akausimamisha msumeno, akainua mguu kufagia. Mguu wenyewe ulitaka kwenda kushoto. Kushoto ndiko kulikokuwa rahisi, na upepo ulisaidia. Lakini kushoto palikuwa na shimo wazi, na chini ya shimo palikuwa na mtu. Akafagia kulia. Upepo ukauinua unga wote, ukaurudisha, ukampiga nao usoni. Macho yakamwasha mpaka machozi yakamtoka. Akasimama akiyapikicha, akakumbuka: kulia. Daima kulia. Siku zote zile, kulia.

Wakaendelea. Alifagia tena, na tena, upande ule ule, akifumba macho na kuyafumbua. Tajiri alikuja akatembea sambamba na gogo, akauinamia mpasuko toka mwanzo mpaka walipofika, akarudia. Alichukua kiti chake na, akipita karibu na Domo, alimwambia, "Washa mashine yako, una kazi gani hapa?" akaingia ofisini.

Karibu na mkia wa gogo binti aliusimamisha msumeno kwa mara ya mwisho. Watu walikuwa wameshatawanyika. Alipiga magoti, akashika ukingo wa gogo, akainama mpaka akaona sehemu ya bega moja jeupe, na mkono uliokuwa umeshika mpini.

"Baba," alisema. "Umechoka?"

Bega halikugeuka. Mashine ya Domo ilianza kulia kule ng'ambo. Binti alibaki ameinama, damu ikimjaa kichwani, akingoja.

Chini, nyundo ikagonga mara mbili.

Akainuka, akapangusa macho kwa kiwiko, akaushika msumeno.